Beryl Markham: rubani aliyehesabu kila frasila juu ya Ukambani

Wazee wetu wa Pwani walipima pembe za ndovu kwa frasila. Frasila moja ni karibu kilo 16, na mpagazi wa msafara alibeba kama frasila mbili begani kutoka bara mpaka Mombasa. Katikati ya karne ya 19, mmoja wa matajiri wakubwa wa njia hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka huko Kitui ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi na wapagazi wake waliishi na hesabu isiyo na huruma. Kila kibuyu cha maji na kila kibaba cha nafaka ulichobeba ili ufike salama kilikula nafasi ya pembe uliyotaka kuuza.

Zaidi ya miaka 80 baadaye, juu ya nyika ileile ya Kitui na ya eneo ambalo leo ni Makueni, mwanamke mmoja alipiga hesabu hiyohiyo akiwa angani. Jina lake Beryl Markham. Wengi wanamkumbuka kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake. Wachache wanakumbuka kwamba kazi iliyomkomaza kabla ya safari ile aliifanya Ukambani, katika ndege ndogo za mbao na kitambaa, akitafuta ndovu kwa niaba ya wawindaji matajiri.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi alipoletwa Kenya. Baba yake alifungua shamba Njoro akafuga farasi wa mashindano. Mama yake hakuyaweza maisha yale, akarudi Uingereza na kumwacha binti na baba yake. Mtoto akakua na watoto wa wafanyakazi wa shamba, akazungumza Kiswahili na lugha za majirani zake, akajifunza kutupa mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Rafiki yake wa utotoni alikuja kujulikana kama arap Ruta, na walipokuwa watu wazima alifanya naye kazi kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye ndege.

Shamba la baba lilifilisika baada ya ukame. Mzee akaenda Peru kutafuta riziki, binti akabaki. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akifundisha farasi wa mbio, kazi ambayo hapa Kenya hakuna mwanamke aliyekuwa na leseni yake kabla yake. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mbio kubwa za St Leger mjini Nairobi. Ndoa zake hazikudumu. Jina la Markham alilipata kwa mume wa pili, Mansfield Markham, aliyeolewa naye mwaka 1927.

Farasi wa mbio ana somo moja ambalo mwanafunzi wake hulijua mapema. Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani kabla ya mbio, kwa sababu kilo chache tu zinaweza kumpokonya mnyama hodari ushindi. Aliyelelewa na mizani hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili kuhusu uzito wa ndege.

Ugumu wa kitu kidogo

Aliyemfundisha kurusha ndege ni Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja aitwaye Florence Wilson. Beryl alipata leseni ya kwanza mwaka 1931. Mwaka uliofuata akaenda peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, na mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Ndege yake ya mwanzo ilikuwa Avro Avian, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili visivyo na paa. Aliyeibuni ni Roy Chadwick, Mwingereza ambaye baadaye alibuni ndege kubwa za kivita. Mtu anaweza kufikiri kwamba mbuni wa ndege kubwa ndiye mwenye kazi ngumu, na ndege ndogo ni mchezo wa watoto. Sivyo.

Tuanze na jambo tunalolijua. Fundi wa jahazi akiwa na wasiwasi na ubao, huweka mnene zaidi. Jahazi likiwa jepesi, nahodha hutia farumi chini ili litulie majini. Uzito kwa jahazi ni rafiki, mradi usizidi. Kwa ndege ndogo uzito ni adui tangu siku ya kwanza. Avian tupu ilikuwa na uzito wa kilo 450 hivi, yaani kama frasila 28. Iliweza kuinua frasila 14 au 15 za ziada, si zaidi. Watu wazima wawili wanakula frasila tisa. Ukijaza tangi la mafuta zinaondoka kama sita. Hapo hata chupa ya maji inabishaniwa.

Katika ndege kubwa, kosa la kilo 20 halionekani. Katika ndege ndogo kosa hilo ndilo tofauti ya kupita juu ya miti na kupita kati yake. Kwa hiyo mbuni wa ndege ndogo hana mahali pa kuficha udhaifu wa hesabu zake. Akiimarisha kiunzi, amepunguza mafuta. Akiongeza mafuta, amemshusha abiria. Akitaka injini yenye nguvu zaidi, injini hiyo ni nzito zaidi na inakunywa zaidi, na bawa lazima likue ili kuibeba, na bawa likikua nalo lina uzito wake. Mabawa mapana yanaiwezesha ndege kutua polepole mahali pafupi, lakini ni hayo hayo ambayo upepo unayachezea kama tanga lisilofungwa.

Ndiyo maana ndege hizo zilikuwa za mbao nyembamba, plaiwudi, gundi, na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Hapakuwa na kitu chepesi zaidi chenye nguvu ya kutosha kwa bei ile.

Hesabu za Uingereza, jua la Ukambani

Ndege zile zilibuniwa kwenye nchi ya baridi iliyo karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya saba, hata kabla jua halijapanda. Hewa ikiwa nyepesi, injini inakosa pumzi, pangaboi linakosa cha kusukuma, na bawa linakosa cha kushika. Mambo matatu yanapungua kwa pamoja, lakini mzigo haupungui.

Ukishuka kuelekea Makindu na Kibwezi unapata nafuu ya kimo, lakini unakutana na joto, na joto nalo huifanya hewa kuwa nyepesi. Adhuhuri nyika ya Makueni hupandisha mawimbi ya hewa ya moto yanayoirusha ndege ndogo huku na huku. Chini hakuna uwanja: ni migunga, mibuyu, vichuguu na mashimo ya ngiri. Siku hizo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na reli ndiyo iliyokuwa alama ya kumwongoza rubani. Ukiiacha ukaenda mashariki, ng'ambo ya uwanda wa Yatta kuelekea mto Tiva na kilima cha Ithumba upande wa Kitui, hapakuwa na alama nyingine ila mito, na mingi hukauka.

Aliyefikiria kutumia ndege kutafuta ndovu katika nchi hiyo kabla ya Beryl alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza ambaye watu wa Pwani wana sababu ya kumjua, kwani alikuwa na nyumba Takaungu. Mwezi Mei 1931 aliruka kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth hadi huku kwetu. Wakati wa kutua, pangaboi la mbao liligonga jiwe la matumbawe likaharibika, ikabidi aletewe jingine kutoka Nairobi. Kisha akaenda Voi kuangalia kama ndovu wanaonekana kutoka juu. Beryl alitakiwa awe naye safari ile, lakini Campbell Black alimshauri asiende, naye akabaki.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei Finch Hatton aliruka kutoka Voi, akazunguka juu ya uwanja, kisha ndege ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Chanzo hakikuthibitishwa. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na kaburi lake limeandikwa katika vitabu vingi. Kamau hutajwa kwa sentensi moja, akitajwa.

Macho ya wawindaji

Beryl aliichukua kazi ile ile. Alimfanyia zaidi Bror Blixen, mwindaji wa Kiswidi aliyekuwa akiongoza wageni matajiri. Wageni hao walitaka ndovu mwenye pembe za zaidi ya pauni 100 kila moja, yaani karibu frasila tatu kwa pembe moja. Kumtafuta kwa miguu kulichukua wiki nyingi. Beryl aliruka alfajiri, wakati hewa bado ni baridi na nzito, akapekua nyika, akaona kundi, akapiga mahesabu ya njia na maji, kisha akaangusha ujumbe kwa wawindaji katika mfuko mdogo wenye uzito na vitambaa vya rangi ili uonekane vichakani. Redio haikuwepo. Injini ikizima juu ya Yatta, hakuna aliyejua ulipo.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi. Rubani aliona ndovu kutoka juu, lakini aliyemfikia chini alikuwa Mkamba. Wafuata nyayo kama Makula, ambaye Beryl mwenyewe amemtaja kitabuni mwake, ndio waliosoma mchanga na majani. Na uwanja wa kutua katika kambi haukujitokeza wenyewe. Wapagazi walikata miiba kwa mapanga, wakang'oa visiki, wakafukia mashimo. Wakichoka mapema uwanja ukawa mfupi, ndege haingeweza kuondoka na mzigo. Uzito ambao mbuni kule Uingereza alishindwa kuuondoa, waliulipa wao kwa jasho. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Msimu mmoja wa mvua hesabu hiyo ilikuwa ya uhai. Blixen na Mmarekani tajiri aitwaye Winston Guest walizingirwa na mafuriko pamoja na watu wao katika nchi ya Yatta na Tiva. Chakula kilikuwa kinaisha, magari hayapiti. Maji ya Athi yanayojaa namna hiyo ndiyo tunayoyaona sisi Malindi yakishuka mekundu kwa jina la Sabaki. Beryl aliwatafuta kutoka juu, akawapata, akatua kwenye ukanda uliokatwa vichakani ambao kwa kawaida asingeukubali. Wawindaji wakatoka kwa ndege. Wapagazi na wapishi walikuwa wengi mno kwa ndege ndogo. Wao waliusubiri mto.

Siwezi kuandika habari za kazi hii bila kusema kwamba haikuwa ya heri kwa ndovu. Ndege ilimnyang'anya mnyama kinga yake kubwa, ambayo ni upana wa nyika. Beryl mwenyewe aliandika baadaye kwamba ndovu si wajinga, walijifunza hila mbele ya ndege, na hakujidai kwamba uwindaji wa namna ile ulikuwa mchezo wa haki. Lakini aliufanya, na alilipwa.

Atlantiki kwa herufi za Kenya

Mwezi Machi 1936 alimpeleka Blixen hadi London kwa ndege yake aina ya Leopard Moth. Huko akaingia katika jaribio lililompa jina. John Carberry, mlowezi tajiri wa Nyeri, alikuwa ameagiza ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, akakubali aitumie kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Njia hiyo ni bisho tupu, kwa kuwa pepo za huko huvuma kutoka magharibi. Ndege hiyo ilisajiliwa Kenya, ubavuni imeandikwa VP-KCC.

Vega Gull ilikuwa kazi ya Edgar Percival, Mwaustralia aliyehamia Uingereza. Ilikuwa ya bawa moja, ya mbao, yenye kibanda kilichofungwa, injini ya nguvu za farasi 200, na nafasi ya watu wanne. Kwa safari ile watu watatu waliondolewa na mahali pao pakawekwa matangi ya mafuta. Matangi hayo hayakuwa na vipimo. Rubani alitakiwa kuliacha moja likauke kabisa, injini inyamaze, ndipo afungulie la pili gizani. Redio haikuwamo. Uwanja wa kiwandani ulikuwa mfupi kwa ndege iliyojazwa kiasi kile, ikabidi aondokee kambi ya jeshi la anga ya Abingdon.

Aliondoka jioni ya tarehe 4 Septemba 1936. Alipita usiku mzima katika mvua na mawingu. Baada ya saa 21 na dakika 25, ardhi ya Kanada ikiwa imeshaonekana, injini ilianza kukata. Mafuta yalikuwamo, lakini barafu ilikuwa imeziba njia. Akatafuta mahali pa kutua kisiwani Cape Breton, akaona kile kilichofanana na uwanja wa kijani. Kilikuwa bwawa la tope. Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua, yeye akaumia kichwani. Alitoka kwa miguu yake. Alitaka kufika New York na hakufika, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake upande ule bila kutua.

Siku 14 baada ya kutua kwake, mwalimu wake Campbell Black aliuawa Liverpool, ndege yake ilipogongwa na nyingine ikiwa ardhini.

Na ile Vega Gull? Kwa mujibu wa Beryl, iliuzwa, ikaishia Dar es Salaam, ikaachwa nje uwanjani hadi injini ikaota kutu na mabawa yakaoza. Ndege iliyoishinda Atlantiki ilishindwa na jua na mvua za Pwani yetu. Mbao na gundi vilivyoifanya iwe nyepesi vilitaka kulindwa kila siku, na aliyeinunua hakuilinda.

Kitabu, farasi, na mwisho

Alihamia Marekani, na mwaka 1942 akachapisha kitabu cha maisha yake, West with the Night. Kilisifiwa kisha kikasahauliwa. Wapo waliodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha. Kitabu kilipochapishwa tena mwaka 1983 kiliuzwa sana, na mama mzee aliyekuwa akiishi Nairobi kwa shida akapata kipato katika miaka yake ya mwisho.

Alikuwa amerudi Kenya zamani na kushika tena kazi ya farasi, na farasi wake walishinda Derby ya Kenya zaidi ya mara moja. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Leo ndege ndogo bado zinaruka juu ya Ithumba. Safari hii zinatafuta majangili na mitego, na ndovu walio yatima wanalelewa chini yake. Jicho ni lile lile, nia imebadilika. Nasi wa Pwani tunazipanda ndege ndogo Manda, Malindi na Ukunda, na tunaona rubani akimwuliza mtu uzito wake na kumhamisha kiti. Wengine hukasirika. Wasikasirike. Rubani anapiga hesabu iliyompata Beryl juu ya Yatta.

Kila baada ya muda tunasikia pia kijana wa Kenya ameunda ndege uani kwao kwa mabomba na injini ya pikipiki. Umati unakusanyika, nusu wanacheka na nusu wanashangilia. Wote wawili wanamkosea. Kijana huyo anahitaji mizani, mwalimu, na uwanja wa majaribio kabla ya makofi. Kuinuka kutoka ardhini ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kubakiwa na akiba baada ya kuinuka: akiba ya nguvu wakati wa joto, akiba ya mafuta wakati wa upepo wa bisho, akiba ya kasi wakati wa kupiga kona juu ya miti. Asiyeweza kutaja akiba yake kwa kilo asimpandishe mwenzake.